Shefu anakatala kunisikia

Leo nimepata haya mbele ya mwalimu wa mbwa. Mucheke kwanza.

Shefu ni mbwa ya marehemu bwana yangu. Njo yeye alikuwa anamufundisha. Sasa ni mimi.

Nilivaa kikwembe mupya ya rangi, juu siku ya posho, ile Jumamosi, bamama ba famille, bandugu yetu, balinivula nguo nyeusi ya kilio. Balisema: "Mama, kilio imeisha. Usilie tena."

Basi nikacheka, nikashika kamba.

"Shefu, assis! Ikala!"

Akaanza kutetemeka. Akarudi nyuma, mukia katikati ya miguu.

Nikapandisha sauti. Ikakuwa mubaya zaidi: akalala chini, akalia.

Mwalimu akaniambia pole pole: "Mama, hakatale. Anasikia mukono yako mu kamba. Inatetemeka."

Eh! Na miye nilizania ninajikaza muzuri.

Nikaachilia kamba. Nikaikala mu vumbi na kikwembe yangu mupya, nikalia.

Hakuna muntu alimuita. Shefu akakuja mwenyewe, akaikala ku kushoto yangu, vile alikuwa anaikalaka kwa bwana yangu.

Benye muko na mbwa, yenu inafanyaka vile?

Famille yote inajua kilio imeisha. Ni Shefu tu njo hatujamwambia.