Jogoo Aliyekubali Kushikwa

Baba alipofariki alituachia jogoo mmoja wa kijivu, mwenye ncha za dhahabu shingoni. Alitoka kwenye yai la kijani, moja kati ya sita ambayo baba aliyabeba kwenye kofia yake kutoka Same mjini. Matano yaliharibika. Baba alimwahidi mama kwamba siku moja kuku wetu pale Shighatini watataga mayai ya rangi ile. Mama alimcheka, akasema yai ni yai. Lakini baada ya mazishi ndiye aliyeniuliza kila wiki, "Bado tu?"

Jogoo hatagi. Nilikuwa nasubiri binti zake. Nilimtenga pamoja na matetea wawili nyuma ya jiko, nikamzoesha kula pumba kiganjani mwangu. Uani tulikuwa na jogoo mwingine, mwekundu na mkorofi. Huyo tulimweka kwa ajili ya wageni.

Siku mjomba alipopanda kutoka Lembeni, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Kwetu kaka wa mama hapokelewi kwa mboga za majani.

"Mama, mkamate yule mwekundu," nilisema, nikaenda barabarani kumpokea mjomba mzigo.

Tuliporudi, moshi ulikuwa umejaa jikoni. Kwenye beseni, kando ya mlango, manyoya yalielea kwenye maji ya moto. Ya kijivu.

"Mama, nilisema mwekundu."

"Si ndiye huyo? Alikuja mwenyewe mkononi."

Alinigeukia, lakini macho yake yalitua begani mwangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wali wetu ulikuwa na mawe siku hizi, na kwa nini Biblia yake ilikaa imefungwa tangu msiba.

Mezani mjomba alitafuna kwa furaha. "Laini huyu! Mlikuwa mnamlisha pilau?"

Mama alicheka. Mjomba akaikata firigisi, sehemu ya mgeni wa heshima, akaniwekea nusu. "Kula, baba. Sasa wewe ndiye mwenye nyumba."

Nilimeza bila kutafuna.

Jioni ile ile nilikusanya mayai saba ya wale matetea, nikayaweka chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Yalianguliwa manne. Mwewe akachukua vifaranga watatu. Akabaki tetea mmoja, kijivu kama baba yake.

Wiki iliyopita alitaga kwa mara ya kwanza. Mama alimsikia kabla yangu, akaja akipapasa ukuta wa jiko, akakinga kiganja. Nikamwekea yai. Lilikuwa na joto bado, na lilikuwa la kahawia, kama mayai ya kuku wote wa mlimani.

"La kijani?"

Ningeweza kusema ndiyo. Asingejua kamwe.

"Bado, mama."

Aliligusisha shavuni, akakaa nalo hivyo kwa muda.

"Haya. Tusubiri," alisema, ingawa sote wawili tulijua jogoo wa baba hayupo.