Mashuka Yetu na Mnara wa Bandari

Enzi zetu pale Muhumba, kando ya ziwa, kabla watoto hawajaanza kuiuliza simu njia ya kurudi kwao, mdomoni mwa bandari tulikuwa na mnara wa taa. Wazee walisema ulijengwa na Wabelgiji. Mlinzi wake alikuwa jirani yetu, mjomba wa watoto wote, Tonton Bahati. Ile taa aliipangusa kwa shati lake mwenyewe, na ole wako uguse ukuta wake na mikono yenye mafuta ya avoka uliyotoka kula!

Vita vilipoingia, askari waliibeba taa pamoja na betri. Tonton hakususa. Alipanda juu akafunga shuka jeupe, akawatangazia wenye boti: ukungu ukishuka, fuateni cheupe.

Jumamosi moja Maman alienda soko la Kadutu, akatuachia mimi na dada yangu Furaha mashuka ya nyumba nzima tukafue ziwani. Papa alikuwa amekwama Goma, upande wa pili wa ziwa, wiki tatu bila habari, na tulitaka akirudi alale pasafi. Tulifua tukiimba, povu mpaka kwenye nywele, kisha tukayaanika mashuka sita meupe juu ya mawe, kama siku zote. Ukungu ukashuka sisi tukitafuna mahindi ya kuchoma.

Mara tukasikia injini. Boti ilikuwa inatujia sisi, kwenye mawe! Kule mnarani Tonton Bahati alikuwa anapasua koo:

"Mweye batoto! Mutoe ile mashuka! Boti inazania ni munara!"

Mama yangu we! Tuliyavuta, tukayakanyaga matopeni, Furaha akalalia mengine kwa tumbo. Boti ikapunguza mwendo, ikageuka pole pole, na katikati ya abiria nikaiona kofia ya Papa. Nililia kwa sauti, wala sikuona haya. Papa alikuwa mzima!

Usiku ule alilala juu ya shuka la matope. "Mulitaka kuniua na lessive, na kufua yenu," alisema, "lakini Mungu iko." Tulicheka mpaka Maman akatufukuza.

Siku hizi mnara una taa mpya, na watoto wangu, waliozoea mashine ya kufulia, wananicheka kwa nini naanika mashuka meupe sebuleni hata jua likiwaka. Nyumba yetu inatazama ziwa, na nje boti bado zinapita, lakini wao watajuaje? Babu yao akija, anainama kupita chini ya mashuka, anavua kofia, anakaa. Hajawahi kuuliza.