Siku Niliyoliliwa Nikirekodi

Jamani, hii aibu nimeibeba peke yangu vya kutosha, na kwa kuwa kijiji chetu kizima cha Kiogoro kinaisimulia vibaya, wacha niwaambie mwenyewe, mcheke mara moja tumalizane.

Mimi mchana nauza vifaa vya simu mjini Kisii, jioni natengeneza biti za muziki kwa laptopu, na nilikuwa nimejiundia studio chumbani: maiki moja, kiboksi cha mtumba cha kuiunganisha na laptopu, hedifoni mbili, na godoro letu nimelisimamisha dirishani kuzuia kelele, blanketi nazo mlangoni (mke wangu Kemunto alikuwa soko la Daraja Mbili akiuza ndizi, hakujua). Nilitaka kuchanganya biti zangu na obokano ya Tata, yaani babangu, ile ala yetu kubwa ya nyuzi nane. Vidole vyake vimeanza kugoma, na alikuwa amekubali kurekodi mara moja tu, na mzee yule akisema moja ni moja. Nikiikosa siku hiyo, basi tena.

Shida ni kwamba kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ikinyesha ya mawe. Kwa hivyo nikapitisha nyaya chini ya mlango, nikamketisha Tata nje na maiki, nikajifungia ndani. Obokano tukaimaliza vizuri. Hapo ndipo nikaamua kajambo kadogo tu: sasa aimbe bila kupiga, hedifoni masikioni, asikie zile nyuzi tulizokwisha kurekodi, ili sauti ikae kwa traki yake.

Sasa jiweke mahali pa mpita njia. Obokano huisikii, iko masikioni mwa mzee. Unachoona ni baba wa watu mbele ya nyumba ya mwanawe iliyofungwa, amefumba macho, anapaza sauti (aliyevaa hedifoni hajui anapiga kelele kiasi gani), "Umeniacha na nani? Shamba atalima nani?" Wimbo ni wa ng'ombe wake wa kulima aliyekufa zamani, lakini nani angejua?

Jirani yetu Mama Moraa akatupa jembe, akaanza kulia. Wenzake wakaja mbio, wakapokea. Na mimi huko ndani, kaptula peke yake kwa sababu ya joto, nikasikia kupitia maiki sauti za akina mama zikipanda nyuma ya ile ya Tata, nikadhani amewaita wamwitikie! Tamu ajabu! Nikaongeza sauti, nikaanza kucheza.

Kisha nikamsikia Mama Moraa karibu kabisa (kumbe amemvua mzee hedifoni): "Pole mzee, pole sana. Nyabuto alikufa saa ngapi?"

"Nyabuto gani?"

"Si huyu mwanao! Hata Kemunto tumempigia simu, anakuja!"

Halafu Tata akaniita. Nikamjibu, "Endelea Tata, iko sawa!" lakini zile blanketi nilizozisifu zikaimeza sauti yote. Akaniita tena, na safari hii sauti yake ikakatika katikati ya jina langu.

Mlango ukasukumwa, ukaanguka. Tata, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu tangu nioe, akanikuta nikinengua, dole gumba juu. Mama Moraa alipoona maiti inacheza akatoka mbio akiacha kiatu. Tata akanishika mabega, akanipapasa uso, ndipo akakumbuka amesimama wapi, akaona kitanda chetu kitupu, akafunika macho kwa kofia, akatoka kinyumenyume.

Kemunto akafika na nusu ya soko, akalia nilipokuwa nimekufa, akalia zaidi aliponiona mzima, halafu akatazama dirishani. "Nyabuto, godoro langu linafanya nini dirishani?" Pole zangu ziliishia hapo.

Wazee wakasema lazima mbuzi wa utakaso, kwa sababu Tata ameingia mahali asipoingia. Nikatoa, na waombolezaji wakabaki kula. Nadhani ni mimi tu hapa Kiogoro niliyewahi kula nyama kwenye matanga yangu.

Nilipomwomba Tata turudie wimbo, akaniangalia. "Nimeshakulilia mara moja. Hiyo inatosha."

Siku hizi narekodi mlango wazi, jogoo awike, mbwa abweke, sijali, sifungi tena. Wimbo nimeumaliza na vilio vyote ndani (akina mama wanajiita kwaya). Pale tu Tata anaponiita nimepaondoa, nikapaweka kwenye traki ya peke yake. Sijamwambia mtu. Mara nyingine naisikiliza hadi sauti inapokatika, halafu naenda kwake kumsalimia, na akiniuliza nimefuata nini, nasema nilikuwa napita tu.