Siku Zilizohesabika Kampuni Ikiwa Imefutwa

Wiki iliyopita, katika ofisi ya wakili mjini Korogwe, nilimsikia mama mmoja wa Mashewa akieleza shida yake. Buldoza la mkandarasi wa barabara lilibomoa mashine ya kusaga ya kampuni ya familia. Kabla hawajashtaki, kampuni ikafutwa na msajili wa makampuni. Sasa mahakama imeirudisha kwenye daftari.

"Miaka tuliyofutwa haihesabiki kwenye muda wa kushtaki, si ndiyo?" aliuliza, mkoba kaubana kifuani.

"Mama, ikirudishwa, sheria huiona kama haikuwahi kufutwa. Kwa hiyo siku zote zimehesabika." Wakili alihesabu kwa vidole, akarudia. "Mwisho wa kufungua kesi ni leo."

Mama alisimama. "Basi andika, mwanangu. Andika!"

Alasiri kesi ilisajiliwa. Kumbe kampuni hufa na kufufuliwa, lakini siku hazikai matanga.