Rinda Lililotumwa kwa Rejesta

Mwanangu, nimekuona asubuhi hii hapa Kabiro ukifunga nguo za wateja wako, ukiulizia njia ya posta iliyo ghali kuliko zote. Nilicheka, maana umenikumbusha siku moja nikiwa fundi kijana kule Laini Saba.

Jirani yangu Mama Akoth alifiwa na mamake. Aliniachia kitenge nimshonee rinda, kitambaa kile kile ambacho dada zake wote wangevaa mazikoni, akatangulia nyumbani kwao kijijini.

"Ukimaliza tuma kwa sanduku la posta la kanisa," aliniambia. "Weka tu ya kawaida. Katekista huleta kila kitu mpaka mlangoni."

Ya kawaida! Usione mvi hizi, mwanangu, nilikuwa na maringo. Wahenga walisema rahisi ni ghali, nami nikajiongezea kwamba basi ghali ndiyo salama. Nikalipia rejesta, ile posta ya kuandikishwa na kutiwa sahihi, kifurushi kikagongwa mihuri, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA AKOTH.

Kumbe kifurushi cha rejesta hakiachwi sandukuni. Katekista alikuta karatasi tu, ya kumwita mwenyewe aje na kitambulisho. Mama Akoth akaenda mjini siku moja kabla ya mazishi. Karani akasoma jina la kifurushini, akasoma la kitambulisho, akakataa kukitoa. Simlaumu, alifanya kazi yake.

Wiki iliyofuata mama huyo alisimama mlangoni pangu. Nilitarajia matusi.

"Fundi, dada zangu wote walisimama kwa kaburi na nguo moja. Mimi peke yangu nilikuwa na rinda la kuenda soko. Kuna mtu aliuliza kama mimi pia ni mtoto wa marehemu." Kisha akaniambia, "Naitwa Rosa. Miaka yote umenishonea, hujawahi kuniuliza."

Niliona aibu, na bado naiona. Kifurushi kilinirudia, mihuri ikiwa mizima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi mwanangu, usianze na bei. Anza na anayepokea: ana sanduku lake, au ameazima la kanisa? Nani humchukulia? Kitu kikiwa cha thamani na mwenyewe anaweza kufika dirishani, lipia rejesta bila kunung'unika. Asipoweza, ya kawaida itamfaa zaidi. Na hilo "Mama Brayo" uliloandika juu ya kifurushi hicho, lifute kwanza, umpigie simu umuulize anaitwa nani.

Mungu aibariki mikono yako, na kila ukitumacho kimfikie mwenyewe siku anayokihitaji.