Anna Margareta Wawili

Usiku ule mama mkwe wangu alinijia na aproni yake ya bluu, akaketi mezani kwangu kana kwamba hatukumzika miezi mitano nyuma.

Alikuwa wa ukoo wa wale Wajerumani waliovuka bahari kuja Pennsylvania, huku Marekani, wakati nchi hii bado ni koloni. Uzee wake wote aliumalizia kwenye picha za vitabu vya zamani vya kanisa, akiwatafuta mmoja mmoja. Alipozidiwa na ugonjwa alinikabidhi mafaili yote mimi, mtu wa Lushoto, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyesoma Kijerumani nyumba nzima. "Usimwache mtu nje," aliniambia.

Basi ndotoni anakatakata kabichi ya kuchachusha, anaitia chumvi kwenye mtungi. Anaongea Kiswahili. Alipokuwa hai kilimwishia kwenye "asante", na hata hiyo aliitamka kwa shida, lakini sasa anakimwaga kama mtu wa Tanga na mimi sishangai hata kidogo.

"Mwanangu, kuna mtoto umemfuta."

Namjua ni nani. Wiki ile nilikuta kitabuni Anna Margareta amebatizwa, na kurasa chache mbele Anna Margareta mwingine, baba yule yule, mama yule yule. Nikasema mchungaji kachanganyikiwa, kaandika mtoto mmoja mara mbili. Nikampiga mstari yule wa kwanza. Nilijiona hodari kweli.

Nataka kujitetea, lakini jiko halipo tena. Tuko kwenye shamba la ngano lililovunwa, mbele ya nyumba ya magogo. Mama mmoja mwenye kofia ya kitambaa iliyofungwa kidevuni anaita, "Anna Margareta!" Anaita jina moja, wanakuja watoto wawili. Mmoja anakimbia, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Mwenzake hajajua hata kukaa. Analetwa, sioni na nani. Yule mama anawapokea wote.

"Mchungaji hakukosea," anasema mama mkwe. "Wa kwanza alikufa mchanga, aliyemfuata akapewa jina lake. Ndivyo walivyofanya watu hawa. Lakini kila mmoja walimpeleka kubatizwa."

Kisha ananigeukia. "Na wewe una wangapi?"

"Mmoja," namjibu upesi, kama ninavyowajibu watu dukani na kliniki.

Nina mvulana, Elia. Kabla yake alikuwepo Neema, aliyeishi siku tisa. Nilipoijaza chati ya ukoo mpaka chini, kwenye mstari wangu na mume wangu Daniel, niliandika Elia peke yake. Sikumsahau Neema. Nilishindwa tu kuliandika jina lake, kwa sababu nilimpenda mno na bado nampenda.

Mama mkwe hanigombezi. Anaufungua mtandio aliojifunga begani, na ndani yumo Neema, amelala, mashavu yamejaa. Mimi nilimzika mwembamba.

"Huku ana watu wengi," ananiambia. "Wanapokezana kumbeba. Ila mwandike, mwanangu. Siku tisa ni zake."

Nikanyoosha mikono nimpokee. Nikaamka ikiwa imenyooka hivyo hivyo juu ya blanketi, uso umelowa, na dirishani kunaanza kupambazuka. Nikamgusa mume wangu begani.

"Daniel, tuna watoto wawili."

Hakuniuliza nimeota nini. Aliinuka akakaa kitandani, akaushika mkono wangu.

"Najua," alisema. "Nilikuwa naogopa kumtaja kabla yako."