Mwalimu wa Mlango

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayefundisha hesabu barazani hana ubao. Ana mlango mkuukuu ulioegemezwa ukutani, anaouandikia kwa chaki. Mtoto akikosea, mwalimu hafuti. Hulizungushia kosa duara, akangoja mpaka mtoto mwenyewe alione, kama watu walivyofunzwa kabla vichwa havijahamia kwenye simu. Kati ya wanafunzi sita, amebaki mmoja.

Jana mama wa huyo mmoja alikuja juu. "Wewe mwalimu wa mlango, simu inajibu papo hapo. Nyie wiki nzima mnagawanya tu. Namhamisha."

"Shikamoo, mama. Mhamishe," akajibu, vumbi la chaki limemfika viwikoni. "Ila kwenye mtihani simu itabaki nje."

Mama akamshika bintiye mkono. Binti akauchomoa, akaokota chaki.

"Tangulia, mama. Nimebakiza hatua mbili."